Moto Usio na Mwenyewe

Oktoba 2020, moto ulipopanda Mlima Kilimanjaro na kuteketeza karibu kilomita za mraba 95, nchi nzima iligeuza macho. Mamia ya watu walipanda kuuzima, viongozi wakaongozana huko, vyombo vya habari vikafuatilia siku hadi siku. Kiangazi hichohicho, kama kila kiangazi, mapori ya Singida, Tabora na Katavi yaliungua bila kelele nyingi. Kwa hesabu za FAO zilizotokana na picha za satelaiti, kati ya 2000 na 2011 Tanzania iliunguza kwa wastani hekta milioni 11 hivi kila mwaka, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ardhi yake.

Novemba 2018 moto uliuangamiza mji wa Paradise, California, kwa siku moja na kuua watu 85. Moto wa Singida, kinyume chake, hauna siku yake ya maafa. Unachukua ghala la mahindi hapa, zizi la miiba pale, mizinga ya asali, malisho ya miezi mitatu, halafu unarudi mwakani. Watu wameuzoea, na kuzoea huko ni sehemu ya maafa yenyewe. Kabla miti haijaanza kupungua, kilichoporomoka ni mamlaka ya kijiji juu ya moto: nani awashe, awashe lini, na nani amuulize akikosea.

Moto wenyewe una wenye haja nao wengi. Mvua za Singida, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, huisha Aprili na kurudi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Katikati hapo, mkulima anafyeka na kuchoma apate shamba safi. Mfugaji anachoma majani makavu ili yachipue. Mrina asali anapanda mtini na kienge, mwindaji anafukuza wanyama, mchoma mkaa anaacha tanuri likifuka. Hakuna kati yao aliye mwendawazimu, kila mmoja ana sababu yake. Tatizo ni majira. Moto wa Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, hutambaa chini na kuzimika usiku kwa umande. Moto uleule ukiwashwa Septemba, upepo ukivuma na majani yakiwa makavu kabisa, huruka njia na kuunguza matawi ya miti, na kijiji kizima kikitoka na matawi mabichi hakiuwezi.

Mninga unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mche wake hauogopi moto kama miche mingine: kwa miaka mingi shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, huku mzizi ukinenepa chini kwa chini, hadi mwaka mmoja unapopata nguvu ya kusukuma shina refu kuliko miali ya moto. Mti huo umezoea moto mwepesi. Ukiletewa moto mkali kila Septemba, shina halipati kamwe mwaka wa kuponyoka, na msitu unabaki na mininga mizee juu na vichipukizi chini, katikati hamna kitu. Mzee akikatwa kwa mbao, hana mrithi.

Asali nayo inaumia vivyo hivyo. Miti ya miyombo, chakula kikuu cha nyuki wa Manyoni na Itigi mkoani Singida, huchanua kuanzia Septemba, kabla ya mvua. Moto wa kuchelewa unafika maua yakiwa mtini. Hata mzinga ukinusurika, nyuki hawana pa kwenda, na mwenye mizinga analala na hasara ambayo haimo katika taarifa yoyote ya maafa, maana hakuna nyumba iliyoungua.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko pale ambapo zamani moto haukuingia. Vichaka vya Itigi ni uoto wa ajabu: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, imesongamana juu ya udongo wa kichanga, kiasi kwamba mtu hapiti bila panga. Nje ya Tanzania ya kati, vinapatikana Zambia tu, jirani na maziwa ya Tanganyika na Mweru Wantipa. Kivuli chake hakiruhusu nyasi kuota, na pasipo nyasi moto hauna pa kutambaa. Mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, ambaye jina lake limebaki katika majina ya baadhi ya mimea ya vichaka hivyo, alivieleza kwa kina kabla ya kufa 1938 katika ajali ya ndege huku huku Singida, pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Swynnerton huyo ndiye aliyejaribu Shinyanga kupambana na mbung'o kwa kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi, kwa mpango na kwa msaada wa watemi. Alijua kuwa moto ni chombo chenye majira yake, akachagua kwa makusudi yale makali.

Leo inakadiriwa kuwa karibu nusu ya vichaka vya upande wa Tanzania vimekwisha kufyekwa. Mlolongo wake haubadiliki. Mtu anafyeka eka chache za mahindi au alizeti, anachoma, analima misimu michache, udongo unachoka, anasogea mbele. Nyuma yake zinaota nyasi. Kiangazi kijacho nyasi hizo zinabeba moto hadi ukingoni mwa kichaka, unakula hatua kadhaa, na mwaka unaofuata nyasi zimesogea hatua hizo hizo. Kichaka kikishatobolewa namna hiyo hakihitaji tena mtu wa kukifyeka.

Lawama huwaangukia wageni, hasa wakulima na wafugaji waliohamia Manyoni na Itigi kutoka Kanda ya Ziwa. Ni kweli watu wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi milioni 1.37 mkoani, ya 2022 ikahesabu milioni mbili. Ni kweli pia kwamba nyumba ya tembe ya Wagogo na Wanyaturu, yenye paa la udongo, haidhuriki na cheche, wakati kibanda cha nyasi cha aliyefika juzi kinakwenda kwa dakika chache. Huyo mgeni ndiye huunguliwa kwanza. Lakini kuna suala lililotangulia kufika kwake. Mtu aliyepewa eka tano kwa mdomo, bila hati, akijua anaweza kuambiwa ahame wakati wowote, hana sababu ya kulinda kitu kitakachomfaa mwingine baada ya miaka kumi. Mwenyeji asiye na hati yuko katika hali hiyo hiyo. Pori lisilo na mwenyewe ni shamba la bibi kwa wote wawili.

Singida yenyewe iliwahi kutoa jibu. Katikati ya miaka ya 1990, msitu wa Mgori wenye zaidi ya hekta 40,000, ambao serikali ilikuwa ikitaka kuufanya hifadhi yake, uliachwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikatunga sheria ndogo, kikateua walinzi miongoni mwa vijana wake, na uchomaji holela ukawa kosa linalomleta mtu mbele ya jirani zake. Misitu ya Mgori na Duru-Haitemba, huko Babati, iliipa nguvu hoja ya kuwapa wanakijiji misitu, hoja iliyoingia katika Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002. Sasa Mgori inatajwa zaidi kwa uvamizi, mashamba na mkaa. Walinzi walifanya kazi ngumu kwa malipo madogo au bila malipo. Faini haziwezi kulisha doria, na mazao ya msitu unaohifadhiwa hayakuleta fedha haraka kama gunia la mkaa barabarani. Kijiji kilipewa wajibu kamili na faida nusu.

Sheria ya 2002 inakataza kuwasha moto porini bila kibali. Lakini kibali kina maana pale tu penye mtu wa kukitoa kwa wakati na wa kukagua. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni. Uchomaji wa mapema na usafishaji wa barabara za kuzuia moto unatakiwa Mei na Juni, wakati ambao vifungu vingi vya halmashauri huwa vimeisha. Fedha mpya zikianza kutoka, majani yameshakauka, na kinachobaki ni kukimbizana na moto.

Tena hata panapotengwa fedha, ulinzi wa kudumu unatoka kwa mwenye mali ya kudumu. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulifufua mapori kupitia ngitili, malisho yanayohifadhiwa na kaya au kijiji, na yalilindwa na moto kwa sababu mwenye ng'ombe alijua Septemba atayahitaji. Manyoni kwenyewe mashamba ya pamoja ya korosho yameleta mkulima wa aina mpya. Mkorosho unachukua miaka kabla ya kulipa, na ukiungua mara moja umepoteza miaka hiyo yote. Mkulima wa korosho anasafisha mipaka yake bila kuhimizwa na afisa yeyote. Ajabu ni kwamba baadhi ya mashamba hayo yamekalia ardhi iliyokuwa ya vichaka: mwenye uchungu amepatikana, baada ya kichaka kuondoka.

Hivyo kampeni za mabango na hotuba za Siku ya Mazingira hazitabadili mengi. Yanayoweza kubadilisha yanajulikana: kijiji kiwe na hati ya msitu wake na haki ya kuuza kilichomo, mbao, asali hata mkaa wa mpango; kibali cha kuchoma kitolewe na serikali ya kijiji hadi Juni tu, kisha kifungwe; na fungu la moto la halmashauri litoke Aprili. Miyombo ikipewa hayo itarudi, maana mizizi yake ingali hai ardhini. Vichaka vya Itigi havina mizizi iliyozoea moto, na kilichoungua huko hakitarudi kwa bajeti wala kwa amri. Mjadala wa vichaka hivyo si wa kurejesha tena. Ni wa kuamua, kabla ya Septemba ijayo, mpaka upi moto usiuvuke, na nani atauwajibikia.