Samaki mkunje angali mbichi

Mwezi Mei 1981, mjini Boston, Marekani, daktari kijana John Darsee, mtafiti wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionwa na wenzake akiviandika vipimo vya siku moja kana kwamba ni vya wiki mbili. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kuwa alianza kubuni matokeo tangu alipokuwa mwanafunzi.

Mwanafunzi wa udaktari anayejaza fomu ya utafiti bila kumpima mgonjwa asidhani anamdanganya mwalimu peke yake. Kesho daktari mwingine ataziamini takwimu hizo, aandike dawa. Atakayeimeza ni mgonjwa. Mwalimu anayeliona kosa hilo leo asilifumbie macho. Akingoja, samaki atakauka.