Kalamu za Wino za Kijapani: Mabingwa Wanane Mbele ya Mlima Rungwe

Sailor, Pilot na Platinum. Ndio vigogo watatu wa kalamu za wino nchini Japani, na wamekuwa wakipimana nguvu kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayenunua kalamu akiwa Lufingo, wilayani Rungwe, hana haja ya kuazima vipimo vya mbali. Mlima Rungwe upo, dhahabu ya Chunya ipo, na mvua ya Tukuyu haina mpinzani Dodoma. Tuanze mashindano.

1. Kongwe kuliko zote

Sailor, mwaka 1911, mjini Kure katika mkoa wa Hiroshima. Wakati huo Tukuyu ilikuwa bado inaitwa Neu-Langenburg, na boma lilikuwa la Wajerumani. Pilot ikafuata 1918 na Platinum 1919, Waingereza wakiwa wameshaingia Tukuyu. Lakini kwa umri, Rungwe inashinda: misheni ya Moravian ilianza hapa 1891, miaka 20 kabla ya Sailor!

2. Kubwa kuliko zote

Taji ni la Emperor, inayotengenezwa na Pilot chini ya jina la Namiki. Pilot hupanga nibu zake kwa namba. Custom 74 ina nibu namba 5, Custom 742 namba 10, Custom 743 namba 15. Emperor ina namba 50. Mwili wake hupakwa kwa mkono utomvu wa mti uitwao urushi, tabaka juu ya tabaka, na nyingine hunakshiwa kwa unga wa dhahabu. Wino hutiwa moja kwa moja ndani ya mwili kwa kidondoshi. Ni kalamu ya kutia saini mikataba. Katibu anayeandika muhtasari wa kikao cha kijiji kwa saa mbili atafute nyembamba zaidi.

3. Yenye dhahabu nyingi zaidi

Nibu za dhahabu za kawaida huwa za karati 14, yaani dhahabu asilimia 58 hivi. Karati 18 ni asilimia 75. Sailor hutengeneza nibu za karati 21: asilimia 87.5! Vijana wa Rungwe waliovuka milima miaka ya 1930 kwenda kuchimba huko Lupa, Chunya, wangeshangaa kusikia madini yao yanaandika barua. Mnunuzi ajue jambo moja tu: ncha inayogusa karatasi si dhahabu, ni kipande cha metali ngumu kilichochomelewa mbele. Nibu ya chuma iliyosagwa vizuri huishinda nibu ya dhahabu iliyosagwa vibaya.

4. Yenye tangi kubwa kati ya zile za kila siku

Pilot Custom 823. Ukivuta mpini wake wa nyuma na kuusukuma, inameza hadi mililita 2 hivi za wino. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ingeijaza zaidi ya mara 150.

5. Ya haraka kuliko zote

Pilot Capless, iliyotoka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili ya uhuru. Haina kifuniko. Unabonyeza kitako, nibu inachomoza. Unabonyeza tena, inarudi ndani. Kibanio chake cha mfukoni kinakaa pale pale vidole vinaposhika, kwa hiyo usiinunue kabla hujaijaribu mkononi.

6. Nyembamba kuliko zote

Orodha rasmi ya kanji, alama za maandishi ya Kijapani, ina alama 2,136. Herufi za Kiswahili ni 24, kwa hiyo Wajapani wanatushinda mara 89. Alama moja katika orodha hiyo, ile ya huzuni nzito, ina mistari 29 inayopaswa kuenea ndani ya kisanduku kimoja kidogo. Ndiyo maana nibu F (nyembamba) ya Japani huandika mstari mwembamba kuliko F ya Ulaya. Platinum wamekwenda mbali zaidi kwa nibu ya UEF, yenye mstari wa takriban milimita 0.2. Hapa nina msimamo mkali: karatasi za daftari na kaunta buku zetu hunywa wino na kuutawanya, na mstari mwembamba ndio unaosomeka. Chukua F au EF (nyembamba zaidi), achana na B (nene).

7. Nafuu kuliko zote

Platinum Preppy, ya mwaka 2007, mwili wa plastiki na nibu ya chuma. Kwa mtoto anayejifunza mwandiko, Pilot Kakuno ya 2013 inastahili sifa: sehemu ya kushikia ina pembe tatu ili vidole vikae sawa, na nibu imechorwa uso unaotabasamu.

8. Mvumilivu kuliko zote, na bingwa wa Lufingo

Platinum 3776 Century. Namba hiyo ni kimo cha Mlima Fuji kwa mita, zaidi ya mita 800 juu ya Rungwe yetu yenye mita 2,960 hivi. (Kilimanjaro, mita 5,895, inawatazama wote wawili kutoka juu!) Tangu 2011 kifuniko chake kina kikombe cha ndani chenye springi kinachoziba nibu kabisa, na wino haukauki kwa miezi 24. Huo ni muda wa kidato cha tano na cha sita kwa pamoja.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mara tatu na zaidi ya Dodoma. Wino wa kawaida ukidondokewa na maji, barua imekwisha. Wino mweusi wa kaboni wa Platinum haufutiki kwa maji, lakini ukikaukia ndani ya kalamu huiziba. Kifuniko kisichopitisha hewa kinaondoa hofu hiyo, mradi uisuuze kalamu kwa maji safi mara kwa mara. Preppy nayo ina kifuniko cha namna hiyo, cha mwaka mmoja. Mwenye bajeti ndogo achukue Preppy 03, yenye nibu nyembamba. Mwenye nafasi, 3776 yenye nibu F. Wote wawili wajaze wino wa kaboni.