Vijiti vya Simu Havipimi Intaneti ya Nyumba

Kila nyumba ya Bunia yenye wakazi wengi inapotaka intaneti ya kuchangia, swali linalopelekwa kwa mafundi wa mawasiliano ni lilelile: kati ya Vodacom, Airtel na Orange, ni ipi yenye rezo kali? Swali hilo halijibiki hata likirudiwa mara elfu, kwa sababu kinachoifikia nyumba ni mawimbi ya mnara mmoja ulio karibu nayo, na kampuni inayoihudumia vyema parsele moja ya Mudzipela yaweza kushindwa hata kupitisha picha moja katika parsele nyingine ya Nyakasanza.

Baya zaidi ni kwamba ukali huo hupimwa kwa vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi tu, yaani kiasi cha nishati ya redio kinachoipata antena ya simu, ambacho wataalamu hukipima kwa desibeli-miliwati, na katika kipimo hicho -80 ni nguvu nzuri ilhali -110 ni udhaifu. Hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji wa simu kuhesabu vijiti kwa namna moja, hivyo mawimbi yaleyale yaweza kuonekana kama vijiti vinne kwenye simu moja na viwili kwenye nyingine iliyowekwa kando yake, na wenye simu hizo wakabishana jioni nzima juu ya jambo lisilokuwapo. Hata vijiti vingekuwa sahihi, visingesema lolote kuhusu nafasi iliyobaki mnarani. Upande mmoja wa mnara wa 4G, ukitumia masafa yenye upana wa megahezi 20 na antena mbili, una ukomo wa kinadharia wa takribani megabiti 150 kwa sekunde, na kiasi hicho hugawanywa kwa wote walio upande huo kwa wakati mmoja. Saa 2 usiku, watu wanaporudi majumbani na kufungua video, nyumba yenye vijiti vyote yaweza kukosa hata megabiti moja, ilhali saa 10 alfajiri nyumba hiyohiyo, kwa vijiti vilevile, hupakua filamu nzima bila kikwazo. Nyuma ya mnara kuna tena kiungo kinachouunganisha na dunia, na kama kiungo hicho ni setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kila ombi na jibu lake hutumia takribani nusu sekunde angani, kucheleweshwa ambako hakuna kijiti kinachokuonyesha.

Imani ya vijiti ndiyo inayowatajirisha wauzaji wa visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyoitwa viongeza-rezo. Kisanduku cha namna hiyo, katika hali nyingi, ni kirudia-Wi-Fi, yaani chombo kinachopokea mawimbi ya ruta iliyomo ndani na kuyatangaza upya. Hakina laini, hakizungumzi na mnara, na kikiwa na redio moja tu hupunguza kasi kwa karibu nusu, kwa kuwa hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Anayekinunua ili kuponya mnara uliolemewa ni sawa na anayeongeza spika kwenye redio isiyoshika stesheni: mkwaruzo utasikika hadi kwa jirani. Programu za simu zinazoahidi kuzidisha kasi ni hadaa tupu, kwani programu haiwezi kurefusha antena wala kumwondoa mtu mwingine mnarani. Huchora mshale unaopanda, huonyesha matangazo, na matangazo hayo hula mega za mwenye simu.

Lawama nyingi zinazotupiwa kampuni huzaliwa ndani ya nyumba yenyewe. Katika nyumba ya wanafunzi wanne umeme unaporudi, simu zote huchomekwa chaji na, zikiwa kwenye Wi-Fi, huanza pamoja kutuma nakala za picha na kupakua masasisho. Njia ya kupandisha data, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha, hujaa foleni, na simu ya WhatsApp ya yule wa chumba cha mwisho hukatikakatika. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakuigusi foleni hiyo.

Yanayofaa ni machache. Laini za kampuni zote zijaribiwe ndani ya nyumba husika, kwa siku kadhaa, saa 2 usiku, kwa kipimo cha kasi ya kushusha na ya kupandisha. Ichaguliwe ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje, kwa sababu bati la paa huzuia mawimbi, na antena ielekezwe kwenye mnara. Ruta yenyewe iwe na uwezo wa kumwekea kila mtumiaji mpaka wake. Nakala za picha zipangiwe usiku wa manane. Kifurushi kiitwacho bila kikomo kisomwe masharti, kwa kuwa vingi hupunguza kasi baada ya kiasi fulani. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyokatazwa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, mwezi Machi 2024 na kupewa leseni Mei 2025, huikwepa foleni ya mnara, lakini chombo chake cha kawaida hula wati 75 hadi 100 mfululizo ilhali ruta ndogo ya 4G haifiki 15, hivyo bei ya betri na paneli ya sola ijumlishwe kabla ya wakazi kuchangishana. Chombo cha Starlink kilichosajiliwa nchi nyingine na kuvushwa mpakani kiachwe dukani, kwani kampuni yaweza kukifunga kikitumika nje ya nchi hiyo kwa zaidi ya miezi 2.