Kituo Kimejengwa, Askari Yuko Wapi?

Ukipita katika wilaya zetu za mashambani, aghalabu utakuta kando ya barabara ya vumbi boma lililofika usawa wa lenta, magugu yameota ndani yake na mbuzi wamejisitiri jua. Ukiuliza utaambiwa kuwa hicho ni kituo cha polisi cha kata. Wananchi walichangishwa kaya kwa kaya, vijana wakafyatua matofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, kisha kazi ikasimama kusubiri mabati. Kwingineko jengo limekamilika. Lina chumba cha mashtaka, mahabusu ya wanaume na ya wanawake, na rangi yake haijapauka. Lakini mlango una kufuli, na ufunguo anao mtendaji wa kijiji.

Suala la nani agharimie ulinzi wa kijiji, na askari watoke wapi, huzungumzwa kwa ukali baada ya wizi au mauaji, na tukio likipoa nalo husahauliwa. Nimeona vyema tulizungumze wakati wa utulivu, na tulizungumze katika kurasa hizi za familia, kwa kuwa wanaodhurika kwa kukosekana kwa askari si wenye maduka na mifugo peke yao.

Chukulia hali ya mwanamke aliyepigwa usiku hata akajeruhiwa. Kuna fomu ya polisi namba tatu, ambayo watu wote huiita PF3. Majeruhi wa shambulio au wa ajali hutakiwa kuwa nayo aendapo hospitali, na daktari huijaza ili baadaye iwe ushahidi mahakamani. Fomu hiyo hutolewa na polisi. Ikiwa polisi wa karibu yuko umbali wa kilomita 40, mama huyo hana budi kutafuta nauli ya bodaboda usiku ule ule, au angoje asubuhi. Akingoja, nguo hufuliwa, majeraha huanza kufifia, na wazee wa pande mbili hukaa kikao. Sipingi kikao cha wazee. Sulhu baina ya wanandoa ni jambo jema na sisi tumehimizwa kulifanya. Lakini mtu aliyekubali kusuluhishwa kwa sababu hakuwa na nauli hajasuluhishwa kwa hiari yake. Na mtoto aliyeingiliwa ana haki kubwa zaidi ya hiyo, maana kwake saa chache tu zaweza kuamua kama ushahidi na tiba ya kinga vitapatikana au la. Madawati ya Jinsia na Watoto yaliyoanzishwa na Jeshi la Polisi yamefanya kazi ya kushukuriwa, ila manufaa yake huwafikia kwanza wale wakaao karibu na vituo vikubwa.

Sasa tuutazame mfuko. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 146, inazipa serikali za mitaa wajibu wa kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 nayo imeweka halmashauri ya kijiji, yenye kamati yake ya ulinzi na usalama. Kwa upande wa pili, polisi ni jambo la Muungano. Askari huajiriwa, hupangwa na kulipwa kutoka juu, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Halmashauri ya wilaya yaweza kuwatumia mgambo, lakini haiwezi kuajiri konstebo hata mmoja, hata kama ingekuwa na fedha. Wajibu umekaa kijijini na mkoba umekaa makao makuu. Mwananchi aliyesomba mchanga hakuelezwa hivyo. Yeye alidhani jengo likisimama askari atakuja, kama vile zahanati ikisimama tunavyodhani mganga atakuja.

Na hesabu yenyewe ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Juma lina saa 168. Tukikadiria askari mmoja afanye kazi saa 48 kwa juma, kiti kimoja cha chumba cha mashtaka kinahitaji askari watatu na nusu ili kisiwe kitupu usiku wala mchana. Si busara askari akae peke yake na mahabusu pamoja na silaha, basi zidisha mara mbili, wawe saba. Ongeza likizo, ugonjwa, kupeleka watuhumiwa mahakamani na kwenda kutoa ushahidi, hutapata chini ya wanane. Hao ni wa kukaa kituoni tu, na bado hakuna aliyepanda pikipiki kwenda kwenye tukio. Tanzania Bara ina kata zinazokaribia 4,000, na kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu wapatao milioni 59.8, wastani ni watu 15,000 hivi kwa kata. Wanane kwa kila kata ni askari 32,000 kabla hujampanga mpelelezi, askari wa barabarani, wala mlinzi wa benki mjini. Ndiyo maana miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limechagua njia ya kumpangia kila kata mkaguzi mmoja, anayeshirikiana na watendaji na wananchi, badala ya kuahidi kituo kamili kila mahali. Kwa maoni yangu njia hiyo ni ya kweli zaidi kuliko ile ya kuhamasisha maboma, mradi mkaguzi huyo awe na nyumba, chombo cha usafiri na mafuta. Bila hivyo atakuwa jina katika ubao wa ofisi ya kata.

Kuna jambo jingine ambalo wahamasishaji hawalitaji. Kituo kidogo chenye askari wawili na bunduki mbili ni chambo. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku, askari na raia wakauawa na silaha zikaporwa, tena hicho kilikuwa kituo cha jijini. Aprili 2017 askari 8 waliuawa katika shambulio moja wilayani Kibiti. Sisi wa mkoa wa Pwani na jirani zake twakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakifunga milango mapema, na jinsi wenyeviti wa vijiji walivyouawa majumbani mwao. Kwa hiyo kamanda anapokataa kuwapeleka vijana wawili katika jengo lisilo na uzio wala mawasiliano, yumkini anahifadhi roho zao, na wananchi wasilione hilo kuwa ni dharau.

Pengo hilo lilipata kuzibwa na wananchi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukatisha katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi. Vijiji vikaunda sungusungu, wenye pinde na mishale, mbiu ya kuitana, na kanuni kwamba mwizi hafichwi hata akiwa ndugu. Ng'ombe walirudi. Serikali, iliyokuwa na shaka mwanzoni, ikakubali, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili vikundi vya namna hiyo vitambulike na viwe na madaraka ya kukamata. Lakini sungusungu hao hao waliwafukuza vijijini vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wakatoza faini zisizo na stakabadhi, wakapiga watu hadi kuwaumiza. Mlinzi asiyelipwa, asiyefunzwa na asiyeulizwa hesabu hujilipa mwenyewe kwa njia moja au nyingine. Wenzetu wa Kenya wameonja hali ya jinsi hiyo kwa askari wao wa akiba, raia wanaopewa bunduki ili kulinda mifugo na vijiji vya kaskazini, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na mshahara. Mwaka 2019 serikali ikakusanya silaha katika maeneo kadhaa, na wafugaji wakalalama kuwa wameachwa wazi mbele ya majangili wa mifugo. Kumwacha na bunduki ni tatizo, na kumnyang'anya ni tatizo.

Hata nchi tajiri hazijaepukana na mvutano huu. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, miji mingi midogo hulindwa na polisi wa taifa kwa mkataba. Mji wenye watu chini ya 5,000 hauingii mkataba wake wenyewe; jimbo ndilo linalobeba dhamana na kurudisha sehemu ya gharama kwa njia ya kodi. Ukifikisha 5,000 mji hulazimika kulipa asilimia 70, na ukifikisha 15,000 ni asilimia 90. Kuna miji inayoiogopa sensa kama mtoto anavyoiogopa sindano. Hata hivyo kanuni yao ina uwazi wa kupendeza: kila mkazi ajua nani analipa nini, na katika kiwango gani.

Kwetu uwazi huo haupo, na nafasi yake imechukuliwa na wahisani. Mfanyabiashara hutoa pikipiki, mwekezaji hutoa bati na saruji, mwingine hujaza mafuta gari la doria. Wengi wao wana nia njema, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini siku ng'ombe wa mwekezaji watakapoingia katika shamba la mjane, na mjane akaenda kituoni kilichoezekwa kwa bati za mwekezaji, atasikilizwaje? Askari aweza kuwa mwadilifu kabisa, na bado mjane asithubutu kuingia. Vilevile kuna ile desturi iliyozoeleka ya mlalamikaji kuambiwa achangie mafuta ili mtuhumiwa wake akakamatwe. Huenda askari anasema kweli, tangi ni tupu. Matokeo yake ni kwamba mwenye fedha anaweza kumkamatisha asiye nazo, na asiye nazo hawezi kumkamatisha mwenye nazo.

Kamati yetu ya msikiti iliwahi kuletewa barua ya kuomba mchango wa mabati ya kituo. Mmoja wa wazee wa kamati akaniuliza, "Katibu, mwanangu, tukishaezeka, ataletwa nani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, barua haikusema." Akasema, "Basi wajibu kwa adabu, uwaombe waseme." Tuliwajibu hivyo. Jambo jingine tulilolizingatia ni la kifiqhi: fedha iliyotolewa kwa ajili ya msikiti ina sharti la mtoaji, na kamati haina idhini ya kuihamishia kwenye ujenzi mwingine, hata uwe wa kheri namna gani. Atakaye kuchangia kituo achangie kwa fungu mbali, na apewe stakabadhi ya kijiji. Nalitaja kwa kuwa nasikia kuna kamati zinazochota katika sanduku la Ijumaa ili zionekane zimeshirikiana na serikali.

Wanakijiji wafanye nini basi? Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, hupaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza, tena kabla ya tofali la kwanza. Je, Mkuu wa Polisi wa Wilaya ameandika kuwa eneo hili limo katika mpango wake? Ameahidi askari wangapi, na watalala wapi? Uzoefu waonyesha kuwa nyumba ya askari ni muhimu kuliko ofisi, maana askari mwenye mke na watoto hawezi kuishi katika chumba cha mashtaka, na akipanga chumba kilomita 20 kutoka hapo, usiku hayupo. Kijiji chenye uwezo mdogo kingefanya vyema kujenga nyumba mbili za kuishi kwanza. Kuhusu lindo la usiku, sheria ndogo ya kijiji, ikiisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, yaweza kuweka zamu, malipo ya asiyeshiriki, na matumizi ya fedha hizo. Bila sheria ndogo, faini ya lindo haina tofauti na ile ya sungusungu wa zamani. Majina ya walinzi na yabandikwe penye ubao wa kijiji, na wapewe tochi, filimbi na simu yenye salio. Wanawake waingie katika kamati ya ulinzi na usalama, kwa kuwa kuna habari za nyumbani ambazo mwanamke hatamweleza mwanamume asiye jamaa yake, tena mbele ya vijana wenye marungu.

Kwa upande wa serikali, Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi taarifa yake Julai 2023, ikapendekeza mabadiliko makubwa katika muundo wa polisi. Mijadala mingi baada ya hapo imehusu ukamataji, upelelezi na mahabusu wa mijini. Hali ya kata za mbali haikupata sauti ya kutosha, na pengine ni kwa sababu watu wa huko hawaandiki magazetini.

Bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi husomwa bungeni baina ya Aprili na Juni kila mwaka, na mbunge wa jimbo huwa amekaa pale. Barua ya mkutano mkuu wa kijiji, yenye mhuri, mahudhurio na idadi ya askari waliopo na wanaohitajika, impitie diwani na imfikie mbunge kabla ya Machi.