Injini Kubwa au Ndogo kwa Gari Kuukuu?

Katika miaka ya sitini ya karne iliyopita viwanda vya magari vya Marekani vilianza kushindana katika jambo moja, nalo ni kutia injini kubwa ndani ya gari la kadiri. Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango huo, ilibeba injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4. Hadi leo wapenzi wa magari ya namna hiyo hubishana: injini ya asili ikifa, gari litiwe nyingine kubwa au ndogo ya kisasa? Kisiwani Unguja si rahisi kukutana na GTO. Hata hivyo, swali lenyewe lipo pia kwa mafundi wetu wa Ng'ambo, na gari linalohusika aghalabu ni Land Rover.

Tuchukue ile ndefu ya mfululizo wa tatu, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ambayo umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Mabati yake ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo hayaliwi na kutu. Chesisi yake ni ya chuma cha pua? La, ni chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huitafuna taratibu, ingawa pale alumini na chuma vinapogusana ni alumini ndiyo inayoliwa zaidi. Mwenye gari hodari huiunga chesisi kwa viraka. Injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu-farasi 70 hivi, hatimaye huchoka kabisa.

Mwaka jana mwenye gari mmoja wa Makunduchi alinijia na shauri hilo. Alfajiri gari lake hupeleka muhogo na ndizi soko la Darajani; usiku mgonjwa akizidiwa, ndilo linalomfikisha hospitali ya Mnazi Mmoja. Akiba yake ilitosha injini moja tu, na kama angeteua vibaya gari lingebaki juu ya mawe. Alikuwa ameonyeshwa injini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya petroli, silinda nane, lita 3.5. Ya pili ilikuwa ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L, silinda nne, lita 2.4, ambayo ilitumika katika Hilux na Hiace. Moyo wake ulikuwa kwenye ile ya kwanza. "Gari zito, Mwalimu, hutaka injini nzito," alisema.

Hebu tupime maneno hayo kwa hesabu. Gari linalokwenda mwendo usiobadilika katika barabara tambarare hupingwa na nguvu mbili. Moja ni ukinzani wa magurudumu, ambao haubadiliki sana na mwendo. Nyingine ni ukinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa mwendo. Tukadirie kuwa gari na shehena yake lina kilo 2,400, na kwamba ukinzani wa magurudumu ni sehemu 15 katika 1,000 za uzito huo. Tunapata nyutoni 353. Land Rover ina umbo la kasha, kwa hiyo hewa huipinga sana: kwa kilomita 50 kwa saa ni nyutoni 208 hivi, na kwa kilomita 80 ni 533. Tukijumlisha na kuzidisha kwa mwendo wa mita kwa sekunde, gari linahitaji kilowati 8 tu kwa mwendo wa 50, na karibu kilowati 20 kwa mwendo wa 80. Kilowati 20 ni nguvu-farasi 27. Injini kuukuu, kabla ya kuchoka, ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo.

Na milima je? Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, lakini kilima cha Masingini, kilicho miongoni mwa sehemu zake za juu kabisa, hakifikii hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Mteremko wa mita 1 katika kila mita 20, ukipandwa kwa kilomita 40 kwa saa, unadai kilowati 18 au 19. Injini ya 2L hutoa kilowati 60 hivi. Inatosha na kusaza.

Msomaji anaweza kuuliza: nguvu ya ziada ina ubaya gani, si itakaa tu ikingoja? Haikai bure. Injini hujilisha yenyewe kwanza kabla ya kulisha magurudumu. Pistoni husuguana na silinda, vali husukumwa, hewa huvutwa ndani na kutolewa nje. Tuseme kazi hiyo yote ni sawa na kanieneo ya angahewa moja juu ya pistoni katika kila duru ya kazi. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, injini ya lita 3.5 itakula karibu kilowati 6 kwa ajili yake yenyewe. Ya lita 2.4 itakula 4. Tukumbuke kuwa gari lenyewe kwa mwendo wa 50 linadai 8 tu.

Injini ya petroli ina hasara nyingine. Ili itoe nguvu kidogo, kabureta lazima ifunge mlango wa hewa, na pistoni huvuta kwa taabu kama mtu anywaye dafu kwa mrija uliobanwa. Kadiri injini ilivyo kubwa kupita haja, ndivyo mlango huo unavyobanwa zaidi. Injini ya dizeli haina mlango wa namna hiyo: hewa huingia bila kizuizi, na kinachopunguzwa ni mafuta peke yake. Katika kisiwa ambacho kila tone la mafuta huletwa kwa meli, jambo hili si dogo.

Lakini nataka kuitendea haki ile injini kubwa, maana mara nyingi hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Watu hudhani kuwa ni nzito. Asili yake ni Buick ya Marekani ya miaka ya 1961 hadi 1963. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilinunua haki za kuitengeneza mwaka 1965, ikaitia katika Range Rover mwaka 1970. Kwa kuwa ni ya alumini, ile ya Buick ilikuwa na kilo 145 hivi, nyepesi kuliko injini nyingi za chuma zenye silinda nne. Kwa hiyo uzito si hoja.

Hoja ni yale yanayoifuata. Mwaka 1979 kiwanda chenyewe kiliitia katika Land Rover ya inchi 109. Kilipunguza nguvu yake hadi nguvu-farasi 91, kikabadili giaboksi, kikasogeza uso wa gari mbele, na kikaweka difu ya uwiano wa 3.54 badala ya 4.7. Fundi wetu anayeifunga injini hiyo kwa kuunga bamba moja tu la chuma kati yake na giaboksi ya zamani amefanya robo ya kazi.

Kisha kuna breki. Njia ya Makunduchi hupita msitu wa Jozani, ambako yamewekwa matuta ili kima punju wasigongwe. Gari letu likipunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, linamwaga kilojuli 556, na joto hilo hupokelewa na ngoma nne za breki. Likitoka kwenye 50, linamwaga kilojuli 194 tu. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na tukikadiria kuwa sehemu moja katika tano ndiyo inayofika kwenye magurudumu, basi matuta kumi na mawili yaliyofikiwa kwa mwendo wa 80 yameteketeza lita nzima. Injini kubwa haimlazimishi dereva kukimbia, ila humshawishi.

Kwa mwenye kuvuta mashua kutoka mchangani Nungwi ningefikiri mara mbili, ingawa hata huko giaboksi ya pili ya Land Rover, yenye gia nzito, huzidisha nguvu ya injini ndogo zaidi ya mara mbili. Kwa mtu wa Makunduchi nilishauri dizeli, kwa masharti mawili: katikati ya krenki na katikati ya mhimili wa giaboksi vilingane sawasawa, la sivyo beringi na klachi hazitadumu, na ikiwa breki zina kisaidizi cha ombwe, pampu ya ombwe ifungwe pamoja na injini, kwa sababu dizeli haitoi ombwe kama petroli.

Wanafunzi wanaweza kuanza na jaribio hili, wakiwa na dereva mzoefu na barabara tambarare isiyo na magari. Gari liendeshwe kilomita 20 kwa saa, gia itolewe, na saa ianze kuhesabu. Kwa ukinzani tuliokadiria, litasimama baada ya sekunde 38 hivi, likiwa limekwenda mita 105. Likisimama mapema zaidi, inueni kila gurudumu na kulizungusha kwa mkono: huenda breki zimekamata au beringi zimekauka, na tatizo hilo halitibiwi kwa injini yoyote.