Mpaka Ukifungwa, Mpanda Mlima Ashukie Wapi?

Mara kwa mara huonekana katika njia za Mji Mkongwe, au katika pwani za Nungwi na Paje, mgeni ambaye ngozi ya pua yake imebabuka na midomo yake imepasuka, ilhali hajakaa juani visiwani hata siku mbili. Akiulizwa na wenyeji wake ametoka wapi, hujibu kwamba juzi alikuwa Moshi, na siku moja kabla ya hapo alisimama juu ya kilele cha Kilimanjaro. Amekuja baharini kupumzisha miguu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu huwaponya wengi: mpagazi wa Marangu, dereva wa Himo, mpishi wa Matemwe na mvuvi wa Kizimkazi. Kwa hiyo usalama wake awapo mlimani si jambo la watu wa bara peke yao. Akidhurika kule, pengo lake litaonekana huku.

Tunalisema hili kwa sababu njia za kuufikia mlima ule hupita katika mpaka, au jirani na mpaka, ambao kwa muda wa nusu karne umefungwa, ukafunguliwa, ukabanwa na kulegezwa mara kadhaa. Mlima wenyewe wote uko Tanzania. Mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ambao kwa sehemu kubwa umenyooka kama uzi, hupinda ufikapo Kilimanjaro na kuuzunguka kwa upande wa kaskazini na mashariki. Kuna kituo cha Namanga katika barabara ya Nairobi na Arusha. Kuna Holili, mkabala na Taveta. Na kuna Tarakea ya Rombo, mkabala na Loitokitok. Wageni wengi siku hizi huteremka moja kwa moja katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971. Lakini wako ambao bado huteremkia Nairobi, wakapanda basi dogo, wakavuka Namanga na kufika Moshi jioni.

Yafaa tukumbushane yaliyotokea. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa katika kuvunjika na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki limekwisha kusambaratika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za kutoka Kenya zilizokutwa nchini zilizuiwa, na wageni waliokuwa katika mbuga wakajikuta hawana usafiri wa kuwarudisha walikotoka. Sababu za uamuzi ule zilikuwa nzito na historia imeziandika. Hatuna nia ya kuzifufua. Tunalotaka kulitaja ni kwamba wageni wale hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi. Walikuwa wamekuja kutazama nyumbu na theluji.

Upande wa kaskazini wa mlima nao haukusalimika. Tangu miaka ya mwanzo ya 1950 palikuwa na chuo cha mafunzo ya ukakamavu huko Loitokitok, na vijana wa chuo hicho walikuwa wakiupanda Kilimanjaro kutokea upande wa Kenya. Baada ya Februari 1977 haikuwa halali tena kuvuka. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka sita, mpaka Novemba 1983, Marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na mpaka ukafunguliwa.

Jumuiya ikafufuliwa kwa Mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Hata hivyo mpaka haukusahau tabia yake. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, kabla ya Marais wa nchi hizo kukutana na kuyamaliza. Mei 2020, katika siku za maradhi ya UVIKO-19, Kenya ilizuia watu kuvuka mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu magari ya mizigo tu. Na Agosti mwaka huohuo Tanzania ikazizuia ndege za Shirika la Kenya kwa wiki kadhaa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ghasia zilizuka katika miji kadhaa ya Tanzania, zikafika hata Namanga, na intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza: haya yanamhusu vipi mtu aliyekwisha kuingia mlimani? Yanamhusu sana, na sababu yake ni siku. Safari ya kupanda na kushuka Kilimanjaro huchukua siku tano hadi nane. Mtu aliyeanza kupanda Jumatatu, mpaka ukiwa wazi na miji ikiwa shwari, aweza kushuka Jumapili akakuta mpaka umefungwa, basi lake halipo, na benki na simu hazifanyi kazi kama alivyoziacha. Siku zote hizo alikuwa akihesabu hatua zake na kunywa maji ya moto. Hakusoma gazeti wala hakusikiliza redio. Wakati wa mlima ni mrefu kuliko wakati wa siasa, na anayetoa amri ya kufunga mpaka saa sita usiku aghalabu hamkumbuki mtu aliyelala katika hema mita 4,000 juu ya bahari.

Isitoshe, mlima una hatari zake hata bila ya mpaka. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya oksijeni huko inakaribia nusu ya ile tunayoivuta hapa pwani. Mtu hodari aweza kuumwa kichwa, kutapika, kupepesuka kama mlevi. Na akiendelea kupanda kwa ubishi, mapafu yake yaweza kujaa maji au ubongo wake kuvimba. Dawa ya kwanza ya maradhi hayo ni moja, nayo ni kumteremsha mgonjwa upesi. Kwa njia ya Marangu, wapagazi na askari wa hifadhi humteremsha kwa machela yenye gurudumu kutoka kibanda cha Kibo hadi Horombo, kisha Mandara, hata langoni, na kutoka hapo gari humpeleka Moshi katika hospitali ya KCMC.

Lakini ipo njia ya Rongai, inayoanzia kaskazini hatua chache kutoka mpakani. Wapandao kwa njia hiyo huandikishwa Marangu, wakazungushwa kwa gari kupitia Rombo, wakaanza kupanda. Anayeugua akiwa bado katika kambi za chini za upande ule yu karibu zaidi na Loitokitok, ambako kuna hospitali, kuliko alivyo karibu na mji wa Moshi. Siku ya amani, waongozaji wake wana njia mbili za kuchagua. Siku ya mpaka kufungwa wana moja, na ni ile ndefu.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba, moja ya machungu yaliyowapata wafiwa ni kwamba idadi kamili ya waliokuwamo haikujulikana. Watu walisimama ufukweni wakiuliza majina, na orodha ya kuwajibu haikuwapo. Tulijifunza siku ile kwamba orodha ya abiria ni sehemu ya uokozi wenyewe, kwani huwezi kumtafuta usiyejua kwamba alisafiri. Mlima nao ni chombo, na walioupanda ni abiria.

Kwa sababu hiyo tunapenda kuwakumbusha viongozi wetu mambo manne, ambayo hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuwapo kwa amri iliyoandikwa, inayojulikana na kila askari na kila ofisa wa uhamiaji wa Namanga, Holili na Tarakea, kwamba mpaka ukifungwa kwa sababu yoyote ile, mgonjwa aliyeteremshwa mlimani, waliombeba na gari lao hawazuiwi. Kama maandishi ya namna hiyo yamo katika majalada ya wizara, yatolewe yabandikwe ukutani. Holili tangu 2016 na Namanga tangu 2018 vina vituo vya pamoja, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Watu wanaoazimana kalamu hawashindwi kukubaliana juu ya machela.

La pili ni orodha. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro humwandikisha kila anayepita langoni. Inapotokea misukosuko, orodha hiyo ifike mara moja kwa Mkuu wa Mkoa na kwa balozi za wageni waliomo mlimani, ili ndugu zao wajibiwe kwa majina na si kwa kubahatisha.

La tatu ni mawasiliano. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Kilimanjaro, na tuliifurahia sote. Lakini kilichoweza kuzimwa mara moja chaweza kuzimwa tena. Simu ya upepo kati ya kambi na malango haina budi kuwa ndiyo tegemeo, na kila msafara uwe na mtu ajuaye kuitumia.

La nne ni taarifa. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake, na hakuna raia mwema anayepinga hilo. Tunaomba tu kwamba kabla ya kufunga, au saa ileile ya kufunga, habari ipelekwe mlimani, na walioko huko wapewe siku za kutosha kushuka na kuondoka.

Mgeni naye ana wajibu wake. Asipange ndege yake ya kurudi kwa saa za kubanana. Aache siku mbili za akiba. Akiingia kutoka Kenya, awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, asije akaanza safari kwa kubishana kituoni. Aisome bima yake. Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 humtaka mgeni wa nje alipie bima ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, nalo ni jambo jema. Lakini bima ya visiwani ni ya visiwani, na bima nyingi za kawaida za safari hazimhudumii aliyepita kiwango fulani cha urefu mlimani. Wenye mahoteli wetu wawaambie wageni mapema, wangali wanaandikiana barua za kuweka nafasi.

Wala tusimsahau mpagazi. Kanuni husema asibebeshwe zaidi ya kilo 20, lakini hakuna mizani ya kupima mzigo wa siku ambazo wageni hawaji. Mwaka 2020 wapagazi wengi walirudi shambani kulima migomba na kahawa, na wengine hawakuwa na shamba la kurudia. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Na katika miteremko ya Kilimanjaro nyasi hizo zina majina, zina watoto na zina karo za kulipa.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya kilele kile, na nia yake ilikuwa umulike ndani ya nchi na hata nje ya mipaka. Nchi iliyoweza kupeleka mwenge juu kiasi hicho haishindwi kumteremsha mgonjwa mmoja, hata siku ambayo lango la mpakani limetiwa kufuli.