Mataa ya Barabarani Hayana Mkubwa wala Mdogo

Katika mji wowote mkubwa, tabia ya watu wake huonekana katika njia panda kuliko mahali pengine popote. Nyumbani mtu huweza kujificha nyuma ya ukuta wake, na kazini nyuma ya cheo chake; lakini mbele ya taa nyekundu kila mmoja wetu husimama, au hukataa kusimama, machoni pa watu wote. Hapo ndipo anapojulikana mwenye kuitambua haki ya mwenzake, na anayeitambua haki yake peke yake.

Jiji letu la Dar es Salaam lina njia panda nyingi za namna hiyo. Iko Tazara, inapokutana Barabara ya Nyerere na ya Mandela. Iko Buguruni, inapokutana ya Mandela na ya Uhuru. Iko Magomeni, inapokutana ya Morogoro na ya Kawawa. Na iko Mwenge, inapokutana ya Sam Nujoma na ya Bagamoyo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa mkoa huu kuwa 5,383,728, ilhali katika sensa ya mwaka 1967 hawakufika laki nne. Barabara zimepanuliwa na nyingine zimejengwa upya, lakini watu wameongezeka zaidi ya mara kumi, na kila asubuhi wote hao wanataka kupita mahali pale pale, saa ile ile.

Miongoni mwao yumo mpanda baiskeli. Yafaa tumtazame vizuri, maana wengi wetu tumezoea kumwona kama kikwazo tu. Huyu ni muuza madafu aliyepakia mzigo wake nyuma na pembeni mpaka baiskeli haionekani. Ni mchuuzi aliyetoka Feri na tenga la samaki, na ambaye asipofika Temeke au Manzese kabla ya jua kuwa kali, bidhaa yake itaharibika na mtaji wake utapotea. Ni muuza mikate, ni mnoa visu, ni kibarua anayekwenda kiwandani kuokoa nauli ya daladala ili watoto wapate daftari. Huyu si mtu wa pembeni katika uchumi wa jiji. Sehemu ya chakula tunachokula imefika mlangoni petu kwa nguvu za miguu yake.

Tena chombo chake hakilitii taifa hasara. Bei ya mafuta ilipopanda duniani kuanzia mwaka 1973, nchi yetu ilibanwa sana, na ilifika wakati magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Baiskeli haikuzuiwa, kwa sababu haikuwa na cha kuzuiwa: haili mafuta, haitoi moshi, wala haihitaji fedha za kigeni kila inapotoka nyumbani. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Ni heshima njema; lakini heshima ya siku moja haimsaidii mtu anayehofia maisha yake siku nyingine zote za mwaka.

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni wale wasio na bodi la gari la kuwakinga: waenda kwa miguu, wapanda pikipiki na wapanda baiskeli. Barabara ya Mandela ni njia ya malori yatokayo bandarini. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Baiskeli haizidi sana kilo ishirini. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo hawapigani hata kidogo, wanapita tu, na nyasi zinaumia.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya wenye magari peke yao. Baiskeli ni chombo cha barabarani, na anayeipanda ana haki na wajibu kama mtumiaji mwingine. Taa ikiwa nyekundu, ni nyekundu kwa lori, kwa gari la mkubwa, kwa bodaboda na kwa baiskeli. Hakuna taa ya tajiri na taa ya maskini. Kwa hiyo asimwambie mtu mpanda baiskeli kwamba barabara si yake. Na yeye naye asijiambie kwamba sheria si yake.

Lazima tuseme kweli juu ya jambo hili la pili. Wako ndugu zetu wanaopanda baiskeli kinyume cha mkondo wa magari, wakiamini kwamba ni salama zaidi kuliona gari usoni. Si salama. Dereva anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa hutazama upande ambao magari hutoka; anayemjia kutoka upande wa pili hamwoni mpaka amekwisha mgonga. Tena mwendo wa gari na mwendo wa baiskeli hujumlishwa vinapokutana uso kwa uso. Wako wanaopanda usiku bila taa wala kiakisi mwanga, na breki yao ni kandambili inayosuguliwa kwenye tairi. Wako wanaofunga mzigo mpana hata hawawezi kugeuza shingo kutazama nyuma. Umaskini ni sababu ya baadhi ya haya, wala hatuubezi. Lakini breki ni kitu cha kwanza cha kununuliwa, kabla ya kengele na mapambo.

Iko pia hoja ambayo wapanda baiskeli huitoa wanapoulizwa kwa nini hawangoji taa. Wanasema kwamba taa ikigeuka kijani, magari yote hung'oka kwa pamoja, na mwenye baiskeli, ambaye hawezi kuondoka kwa kasi, hujikuta katikati ya vishindo. Afadhali atangulie wakati barabara ni tupu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na mwenye kuidharau hajapata kusimama mbele ya lori kwa baiskeli. Hata hivyo, dawa yake si kuivunja sheria. Taa iliyo nyekundu kwako ni kijani kwa mwingine, naye anakuja akiwa ameiamini. Ukimsaliti katika imani hiyo, utaumia wewe kabla yake. Na kila mmoja anayepita nyekundu huwapa madereva wakaidi kisingizio cha kuwadharau mamia wanaongoja kwa utulivu.

Dawa ya kweli ni kupanga njia panda kwa kumkumbuka mwenye baiskeli. Mahali pengi duniani mstari wa kusimama wa baiskeli huchorwa mbele ya ule wa magari, ili wapandaji wasimame wakionekana; pengine taa yao hutangulia kwa sekunde chache. Watu husema mambo hayo ni ya Wazungu. Lakini Uholanzi haikuzaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka mitaani kudai usalama wa watoto wao, na bei ya mafuta ilipopanda baadaye, serikali ikaona faida ya kuwasikiliza. Njia zile zilidaiwa na wananchi, zikapangwa, zikajengwa mwaka baada ya mwaka.

Wakati tunangojea mipango, yako mambo ambayo mpanda baiskeli anaweza kuyafanya leo. La kwanza, asisimame kamwe ubavuni kwa lori, upande wa kushoto, kwenye njia panda. Lori likikata kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati alama ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, na dereva aliye juu hamwoni aliye chini ya dirisha lake. Akae nyuma ya lori, au mbele kabisa mahali ambapo dereva anamwona usoni. La pili, anayetaka kukata kulia katika barabara pana halazimiki kuvuka mistari yote ya magari kwa pamoja. Aende moja kwa moja mpaka kona ya pili akiwa kushoto kwake, asimame, ageuze baiskeli, kisha avuke taa ya upande ule inaporuhusu. Atachelewa dakika moja, atafika na miguu yake miwili. La tatu, kwenye kipilefti anyooshe mkono mapema na wazi. Mkono ni lugha. Dereva hawezi kujua lililo moyoni mwa mtu.

Tuwageukie madereva. Mwendo ulioruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita karibu mita 14 katika kila sekunde, na sekunde moja ndiyo muda ambao mtu aliye macho huhitaji ili aone hatari na kukanyaga breki. Mita 14 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza kasi. Kwa kilometa 30 ni mita 8 tu, na nguvu ya pigo likitokea ni karibu theluthi moja ya ile ya kilometa 50. Dereva anayepunguza mwendo anapokaribia njia panda huacha nafasi ya uhai baina yake na kosa la mwingine. Anapompita mwenye baiskeli amwachie angalau mita moja na nusu. Mwenye daladala asimbane dhidi ya ukingo kwa kukimbilia abiria kituoni. Na kabla ya kufungua mlango wa gari lililosimama, atazame nyuma. Honi nayo ni ya kutahadharisha, si ya kutukana.

Jambo jingine lisemwe wazi, kwa sababu ndilo linalowaumiza wanyonge zaidi. Baiskeli ikigongwa, aghalabu mambo humalizwa pale pale. Dereva hutoa fedha kidogo za kunyoosha rimu, majeruhi huinuka kwa aibu akaondoka, na maumivu huja usiku. Hii si haki. Sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ni pamoja na muuza madafu. Namba ya gari ichukuliwe, polisi waitwe, majeruhi apate fomu ya PF3 na matibabu, kisha haki yake ya fidia ifuatwe. Wala wananchi wasijichukulie sheria mkononi kwa kumpiga dereva. Dereva aliyekimbia kwa kuogopa mawe hawezi kumpeleka majeruhi hospitali.

Kwa upande wa serikali, kazi kubwa imefanyika, na si haki kuinyamazia. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na pembeni yake zikajengwa njia za wapanda baiskeli. Lakini kujenga njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuilinda. Njia ya baiskeli iliyojaa bodaboda na meza za biashara humrudisha mwenye baiskeli kwenye magari. Mchuuzi aliyeweka meza pale naye anatafuta riziki, na kumfukuza bila kumwonyesha mahali pengine ni kuhamisha tatizo tu. Halmashauri zetu zikae na pande zote mbili, zipange, kisha zisimamie kilichopangwa.

Na sisi viongozi wa mashina na matawi tusingoje Wiki ya Nenda kwa Usalama ndipo tulitaje jambo hili. Mjumbe anawajua wenye baiskeli katika shina lake. Anaweza kuwakutanisha na askari wa usalama barabarani, na kumwomba fundi baiskeli wa mtaa azikague breki siku moja ya mapumziko. Walimu wanaweza kuchora njia panda uwanjani kwa chokaa, wakawafundisha watoto kusimama na kuvuka.

Wengi wetu tulifundishwa chuoni, tukiwa bado wadogo, kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Aliyekulia dini nyingine alifundishwa neno la maana hiyo hiyo na wazee wake. Siku zile udhia ulikuwa mwiba au jiwe. Leo udhia waweza kuwa sisi wenyewe, tulioshika usukani au pembe za baiskeli, tukiona kwamba dakika yetu moja ina thamani kuliko uhai wa mwenzetu. Basi kesho asubuhi, pale Buguruni au Magomeni, taa itakapokuwa nyekundu, tusimame sote. Na itakapogeuka kijani, mwenye nguvu amwachie asiye na nguvu apite kwanza.